Maneno ya Kitini

Mtu aliyesimama miezi minane akisuka vichwa vya watu, siku akipewa mchana mmoja wa kupumzika, akatandika taulo lake juu ya mchanga mweupe na kujichomekea mwavuli, ana kazi moja tu: alale. Msusi alishindwa hata hilo. Alilala chali, akageuka kifudifudi, akakaa, akalala tena, mpaka rafiki yake mpishi wa keki, waliyekuwa wakikaa naye chumba kimoja huko chini melini, akavua miwani ya jua na kumtazama.

"Wewe una upupu au una mawazo?"

"Nina jua."

"Jua liko kwetu sote. Wewe unamwangalia mtu."

"Simwangalii mtu."

"Basi yeye anakuangalia wewe," alisema mpishi wa keki, akairudisha miwani yake. "Yule pale, mwenye kaptula ya buluu, anayejifanya anasoma gazeti. Tangu tushuke hajafunua ukurasa."

Msusi hakuwa na haja ya kugeuka. Alijua kaptula ni ya buluu, na alijua gazeti limeshikwa juu chini.

Meli yao ya kitalii ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, na boti ndogo zilikuwa zinawashusha abiria kwenye kisiwa hicho tangu asubuhi waje waogelee, walale, wale, walale tena. Wafanyakazi waliomaliza zamu waliruhusiwa kushuka pia, alimradi wavue sare, wakae upande wao wa ufukwe na wasijenge mazoea na abiria. Sheria hiyo haikumtisha sana msusi. Mkataba wake ulikuwa unakwisha safari hiyo hiyo. Wakifika bandarini anashuka na sanduku lake, anakwenda kufungua saluni na dada yake. Alichokiogopa kilikuwa kingine kabisa.

Yule wa kaptula ya buluu alikuwa abiria, mpima ardhi kwa kazi yake, na msusi alijua mengi juu yake kuliko inavyofaa kujua juu ya mtu mliyezungumza naye mlangoni tu. Alijua hali vitunguu. Alijua alipokuwa mtoto alimkimbia kinyozi akiwa amenyolewa nusu kichwa. Aliyajua yote hayo kwa sababu mama wa mpima ardhi alikuwa mteja wa saluni ya meli tangu siku ya kwanza, na mwanamke akishakaa kwenye kile kiti, kichwa kikaegemea mikono ya mwenzake, ulimi hulegea wenyewe. Kila jioni mpima ardhi alikuja kumchukua mama yake. Alisimama mlangoni akasema, "Habari za kazi, dada," naye akajibu, "Nzuri, kaka," na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, maana hiyo habari za kazi ilichukua muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimalizia.

Lakini alijua na jambo jingine.

"Nisuke vizuri, mwanangu," yule mama alimwambia siku ya kwanza. "Najaribu mitindo. Kuna harusi mwezi ujao."

"Hongera, mama. Harusi ya nani?"

Mama alijitazama kwenye kioo. "Ya mwanangu," alisema. "Huyu huyu anayekuja kunichukua. Lakini usimtajie hata kwa utani. Hapendi izungumzwe."

Basi tangu hapo ikawa mtindo huu, mtindo ule. Msusi alipopendekeza mtindo wa twende kilioni, mama akacheka mpaka akashika mbavu: "Harusini niende na twende kilioni?" Wakajaribu wa kubana juu, wakajaribu wa kulaza pembeni. "Usiwe wa kunizeesha tu," mama alisisitiza kila mara. Na msusi akasuka, akafumua, akasuka upya, anampamba mama wa bwana harusi huku bwana harusi mwenyewe amesimama mlangoni akimtazama yeye. Mtu akikwambia kazi ya saluni ni nyepesi, mpe jioni moja kama zile.

Kumuuliza hakuweza. Shangazi yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa na neno lake: maneno ya kitini hufagiliwa na nywele. Mteja akiinuka, unachukua ufagio, na kila alichosema kinakwenda na hizo nywele jalalani. Msusi anayebeba maneno ya wateja nje ya mlango, shangazi alisema, heri akauze mboga.

"Dada, hapa pana mtu?"

Alikuwa amesimama juu yake, ameshika chupa mbili za maji baridi. Mpishi wa keki alikuwa ameshanyanyuka na kukumbuka ghafla kwamba ana jambo la lazima mbali sana na pale.

"Alikuwepo," msusi alisema. "Amekimbia."

"Mimi ndiye nimemkimbiza?"

"Wewe na gazeti lako."

Mpima ardhi alicheka, akaketi mchangani, akampa chupa moja. "Nilitaka kukuletea juisi, nikaogopa utauliza nani amekwambia napenda juisi."

"Na maji nani amekwambia?"

"Maji hayana mwenyewe."

Msusi akacheka, kisha akajilaumu kwa kucheka. Mchumba wa watu huyu. Akanywa maji kwa haraka apate kitu cha kufanya na mdomo.

"Umeshaingia baharini?"

"Sijui kuogelea."

"Miezi minane melini, hujui kuogelea?"

"Mimi nilikuja kusuka, kaka. Sikuja kuvua."

"Basi sikufundishi kuogelea. Nakufundisha kuelea. Kuogelea ni kazi, kuelea ni uvivu, na leo si ni siku ya mapumziko?"

Akili ilimwambia kaa. Akili ilimwambia hivyo vizuri kabisa, kwa sauti ya shangazi yake, lakini miguu ilikuwa imeshasimama na kuanza kwenda.

Maji yalikuwa ya vuguvugu, na yalikuwa mafupi. Walikwenda mpaka yakawafika kiunoni, naye mpima ardhi akamwambia ajilaze kama aliyelala kitandani. Mara ya kwanza alizama miguu. Mara ya pili alikaza shingo mpaka ikauma.

"Wateja wako wakikaza shingo hivyo, unawaambiaje?"

"Nawaambia, mama, niachie kichwa."

"Basi niachie kichwa."

Akamwachia. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akishika vichwa vya watu. Hakukumbuka lini mtu alishika chake bila kutaka apishe njia au afanye haraka. Masikio yalizama, kelele za ufukweni zikakatika, akabaki na anga tupu na viganja viwili chini ya kisogo chake. Alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka akaona aibu, na ile aibu ikashindwa kuiondoa ile furaha, vikakaa vyote viwili ndani yake bila kugombana. Hakujua hata kama hilo linawezekana.

Uso wa mpima ardhi ulimjia juu, umepinduka, macho yakiwa mahali pa mdomo. Alikuwa anasema kitu. Msusi akainua kichwa.

"Nimesema, tukifika bandarini, nataka kuja kwenu."

Msusi alimeza maji ya chumvi, akakohoa, akasimama. "Kuja kwetu kufanya nini?"

"Kujulikana."

"Hivi wewe una haya?"

Mpima ardhi alirudi nyuma hatua. "Nimekukosea nini?"

"Kaka, mimi si mtu wa kuchezewa. Kama huko nyumbani kuna..." Akajikata. Hilo lilikuwa la kitini.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Malizia, dada."

"Nimeshamaliza."

"Uso wako haujamaliza." Alimtazama kwa makini, maji yakimchuruzika mashavuni. "Una mtu?"

"Swali zuri. Jiulize mwenyewe."

"Mimi?" Alionekana kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba asiyoijua. "Mimi sina mtu. Ningekuwa naye, ningekuja saluni kila jioni kumchukua mama? Mama njia anaijua."

Msusi alitoka majini na kuanza kutembea kwenye mchanga ulioloa, bila kujua anakwenda wapi. Mtu huyu ama alikuwa bingwa wa uongo, ama hakuwa akidanganya hata kidogo. Ikiwa hadanganyi, basi mwongo ni yule mama mpole anayemwita mwanangu na kumletea matunda kutoka meza ya abiria. Alijaribu kumchukia mmojawapo, akashindwa kuchagua. Nyuma yake alisikia nyayo zikimfuata, na jambo la kuudhi zaidi ni kwamba alipenda kuzisikia.

"Usinikasirikie bila kuniambia kosa," mpima ardhi alisema alipomfikia. "Nyumbani kwangu nimechoka na hali hiyo. Mama naye siku hizi simwelewi. Anacheka na simu. Amenunua viatu vya kisigino, mwanamke mwenye magoti mabovu."

"Labda ana furaha."

"Furaha ya nini?" Aliuliza kama anayeuliza homa ya nini. "Tangu baba afariki, mimi ndiye ninayemlinda. Unajua mwaka jana alikuja mzee mmoja, fundi saa, mgane, eti anataka kumwoa? Mzee wa watu, shati limenyooshwa pasi, anakohoa tu. Nikamwonyesha mlango."

"Na mama alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alikwenda jikoni kuosha vyombo."

"Vilikuwa vichafu?"

Mpima ardhi akasimama. Ilionekana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, na kwamba mwenyewe hakuwahi kujiuliza. "Sikumbuki," alisema taratibu.

Hapo ndipo msusi alipoona jambo ambalo mikono yake ilikuwa imeshalishika muda wote ule. Mama wa bwana harusi hajaribu mitindo siku baada ya siku, wala haogopi kuonekana mzee, maana siku hiyo hakuna atakayemtazama yeye. Anayeogopa hivyo ni bibi harusi. Harusi ilikuwepo kweli mwezi ujao, ila bwana harusi hakuwa huyu.

Mtu aliyempenda alikuwa huru. Neno moja tu lingetosha kumwambia kwa nini alimfokea kule majini, lakini neno lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mwanamke mwingine, na mwanamke huyo alilificha kwa sababu ya huyu huyu aliyesimama hapa.

"Kuna kitu unakijua," mpima ardhi alisema. "Tangu kule majini nakuona unakimeza."

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Basi kuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Sasa kuna nini?"

Msusi alitamani amshike mkono, amwambie ngoja, nipe muda, lakini hata huo ungekuwa mwanzo wa maelezo.

"Kazi yangu ni mipaka, dada," mpima ardhi alisema baada ya kungoja vya kutosha. "Hata jiwe la alama likiwa limeng'olewa, nikifika mahali najua mpaka ulipo. Na hapa pana mpaka. Nimeuona. Samahani kwa kukusumbua siku yako ya mapumziko."

Akageuka, akaenda zake.

Msusi alibaki amesimama mpaka maji yakamfukia vidole vya miguu mchangani. Angeweza kurudi kwenye taulo lake akalala, mkataba ukaisha, saluni ikafunguliwa, na kila mtu akaishi. Badala yake alivuka upande wa abiria, nywele zinachuruzika, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti kirefu ambapo yule mama alikuwa amejilaza chini ya mwavuli, kichwa amekifunga kitambaa asiharibu mtindo, simu kifuani.

"Mwanangu, mbona umeloa hivyo?"

"Mama, harusi ni ya nani?"

Mama aliinuka kidogo. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia kitini, na ya kitini nimeyafagia. Sasa nauliza upya, tukiwa nje."

Mama alitazama baharini, akatazama simu yake. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo. "Ulinishtukiza. Uliniuliza harusi ya nani, nami nikajiona pale kwenye kioo, mtu mzima, mvi kichwa kizima. Nikaona haya kusema ni yangu. Nikasema ya mwanangu. Kesho yake ningekuambiaje tena?"

"Na yeye?"

"Hajui. Safari hii nilimleta nimwambie. Kila siku nasema leo. Nakaa kitini, unanisuka, najiona mzuri, napata moyo. Halafu anatokea mlangoni, na moyo wote unanitoka." Akafuta jicho kwa pembe ya kitambaa. "Mwaka jana, mchumba wangu alipokuja kuposa, nilimwacha amfukuze mbele yangu. Nikaosha sahani safi, mwanangu. Zilikuwa safi."

Msusi akachuchumaa kando ya kiti. "Ameniambia anataka kuja kwetu."

"Nani?"

"Mwanao. Nami nimemfokea, kwa ajili ya hiyo harusi yake."

Mama akaweka mkono mdomoni. Furaha na hofu vilimpita usoni kwa pamoja. "Maskini mimi. Na wewe unamtaka?"

"Mimi sijui, mama. Saa hii hata ukiniuliza naitwa nani nitakosea."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Si wangu."

Mama alimtazama kwa muda. Kisha akashusha mguu mmoja mchangani, akashusha na wa pili, akashika bega la msusi, akasimama.

Walimkuta mpima ardhi, kofia kichwani, anakung'uta mchanga kwenye viatu vyake, mbali na watu. Aliwaona wanakuja pamoja, akasimama, macho yakienda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine. Mama hakuzunguka.

"Ninaolewa," alisema. "Mwezi ujao. Na yule fundi saa."

Viatu vilibaki mkononi mwa mpima ardhi.

"Ulimtoa nyumbani," mama aliendelea. "Mimi sikumtoa. Niliogopa kukuambia, na hilo ni kosa langu. Lakini nilipaswa kumwogopa mtoto wangu? Hilo jibu wewe."

Mahali fulani nyuma yao watu walikuwa wanacheza mpira na kucheka.

"Umemwambia msusi kabla yangu," hatimaye alisema.

"Sikumwambia. Nilimdanganya kwamba harusi ni yako."

Mpima ardhi alimgeukia msusi, na msusi akaona mambo yakijipanga kwenye uso wake, moja baada ya jingine. "Kwa hiyo kule majini..."

"Nilidhani nimeshikwa kichwa na mchumba wa mtu."

Alijaribu kucheka, cheko likakatika njiani. Akaketi mchangani, akashika paji la uso. Baada ya muda aliuliza, bila kuinua macho, "Yule mzee, bado anakohoa?"

"Alipona zamani."

"Sikujua."

"Hukuuliza, mwanangu."

Wahudumu wa boti walianza kuwaita abiria warudi melini. Watu wakawa wanakunja mataulo, wanatafuta viatu vya watoto. Mpima ardhi alisimama mbele ya msusi, macho mekundu.

"Sasa mpaka haupo," alisema. "Nije?"

Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini msusi alimwona yule mzee wa watu na shati lake la pasi, alimwona mama amesimama peke yake jikoni anaosha sahani safi. Mikono iliyomwonyesha mzee mlango ndiyo hii hii iliyomshika kisogo asizame. Alimpenda mtu huyu na alimwogopa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa uongo.

"Kwetu mwanamume haji kujisemea," alisema mwishowe. "Baba yangu ni mtu wa zamani. Anataka mzee aje, akae, amwambie, huyu ni kijana wangu, namjua, namdhamini. Kwa upande wako atakuja nani?"

Mpima ardhi alifungua mdomo. "Nina..." Akafikiri. "Wajomba walishatangulia. Baba mdogo naye..." Akamtazama mama yake, na mama akaangalia pembeni. "Sina mzee."

Msusi hakusema kitu, ingawa kunyamaza kulimuuma kuliko maji ya chumvi machoni. Aliogopa akimwonyesha njia, kesho atasema alisukumwa. Mama naye alifumba midomo, akashika simu yake kwa mikono miwili.

Boti ya kwanza iliondoka. Ya pili ilikuwa inajaa. Mpima ardhi alisimama akitazama maji, mabega yakipanda na kushuka, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa mama yake bila kumtazama.

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Mpigie yule mzee, unipe."

"Utamwambia nini?"

"Sijui, mama. Sijui kabisa."

Vidole vya mama vilikosea namba mara ya kwanza. Mara ya pili ikaita, akampa. Mpima ardhi aliiweka sikioni, na bila mtu kumwambia, akavua kofia. Simu iliita, ikaita.

"Naam, mpenzi wangu," sauti ya mzee ilisema upande wa pili, kwa upole, kubwa vya kutosha wote watatu kuisikia. "Umeshamwambia?"

Mpima ardhi alifumba macho.

"Si yeye, mzee. Ni mimi," alisema. "Shikamoo."